Mcheza Kwao Hutuzwa: Matangazo Mubashara na Kipato cha Mwanamuziki

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kwa mwanamuziki wa Ugogo, methali hii ni hesabu kamili ya kipato. Baada ya mavuno, kikundi cha muheme hualikwa kwenye arusi au sherehe ya kijiji. Kina mama hushika ngoma, wimbo hupanda, na aliyeguswa husogea mbele akiwa na noti mkononi. Aliyetuza anajulikana, aliyetuzwa anajulikana, na fedha hugawanywa kabla watu hawajatawanyika.

Siku hizi neno "kwao" limepanuka. Kijana aliyezaliwa Mvumi anafanya kazi Dar es Salaam, dada yake yuko Muscat, na binamu yao anasoma Uingereza. Kwa simu moja yenye kamera na kifurushi cha intaneti, kikundi kilichobaki kijijini kinaweza kuwachezea wote watatu kwa wakati mmoja, nao wakatuza kutoka huko waliko. Huduma hii huitwa matangazo mubashara, nayo imewafungulia wanamuziki wa Dodoma na nyanda za kati mlango ambao zamani ulihitaji nauli, mwaliko na mtu wa kukushika mkono.

Hata hivyo, mlango huo una kizingiti chake. Fedha nyingi za wanamuziki hupotea kabla kamera haijawashwa, pale ambapo kikundi hakijakubaliana akaunti ni ya nani, namba ya kupokelea fedha ni ya nani, na wimbo ni wa nani. Makala hii inaeleza jinsi matangazo mubashara yanavyofanya kazi, fedha hutoka wapi, na namna ya kuyajibu maswali hayo matatu mapema.

Kwa nini umiliki ni jambo kubwa hapa kwetu

Muziki wa nyanda za kati umesafiri mbali kuliko wenyewe walioupiga. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi, akanasa pia muziki wa Wagogo. Kazi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha nchini Afrika Kusini mwaka 1954, na wasikilizaji wa mabara mengine wamezifahamu kwa miaka mingi. Katika zama hizo, mwenye mtambo ndiye aliyeamua kipi kirekodiwe, kihifadhiwe wapi na kimfikie nani.

Baadaye alikuja marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, bingwa wa zeze na ilimba. Ili asikike, alilazimika kuhama. Alikwenda Dar es Salaam, kisha akafanya kazi na kufundisha Bagamoyo, akapanda majukwaa ya Ulaya na kutoa albamu chini ya lebo ya Real World ya Uingereza. Alifariki mwaka 2003, akiwa ameacha jina na familia iliyoendeleza muziki wake.

Mwanamuziki wa leo anaweza kubaki Chamwino, Bahi au Mpwapwa na bado akasikika London. Mtambo sasa uko mikononi mwake. Lakini akikabidhi akaunti yake kwa mtu mwingine bila makubaliano, atakuwa amerudi palepale pa zamani: muziki ni wake, uamuzi ni wa mwingine.

Matangazo mubashara hufanyaje kazi

Unaporusha matangazo mubashara, simu yako hunasa picha na sauti, huzibana, kisha huzipeleka kwenye mitambo ya jukwaa kama YouTube, Facebook, Instagram au TikTok. Jukwaa ndilo huwagawia watazamaji. Kwa hiyo gharama yako ya data ni ileile, awe anakutazama mtu mmoja au watu elfu moja. Kila mtazamaji hulipia data yake mwenyewe.

Kinachohitajika zaidi ni kasi ya kupandisha data, yaani kasi ya kutoka kwenye simu yako kwenda mtandaoni. Watu wengi hupima kasi ya kushusha peke yake, wakaridhika kwa sababu video zinafunguka vizuri, kisha matangazo yao yanakatika. Kasi hizi mbili ni tofauti, na mara nyingi ya kupandisha huwa ndogo.

Makadirio yafuatayo yatakusaidia kununua kifurushi kinachotosha kwa saa moja ya matangazo:

- Picha ya ubora wa kawaida (480), kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde: takriban MB 450.
- Picha nzuri (720), kwa kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde: takriban GB 1.1.
- Picha ya ubora wa juu (1080), kwa kasi ya megabiti 4.5 kwa sekunde: takriban GB 2.

Kwa ngoma za jadi, ubora wa kawaida wenye sauti safi na usiokatika unafaa kuliko ubora wa juu unaogandaganda. Ongeza akiba ya robo ya kifurushi kwa ajili ya majaribio. Kumbuka pia kwamba mtoa huduma anapaswa kukujulisha unapofikia asilimia 75 ya matumizi ya kifurushi na kinapokwisha. Usipoupata ujumbe huo, unayo haki ya kuuliza.

Majukwaa yana masharti yake. Kwa mfano, YouTube humtaka anayerusha kwa simu awe na wafuatiliaji wasiopungua 50, na ruhusa ya mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24 baada ya kuthibitisha namba ya simu. TikTok huruhusu matangazo mubashara kwa mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, hivyo yasome ndani ya akaunti yako wiki moja kabla ya siku ya onyesho. Usisubiri wageni wawe wameshakaa ndipo ugundue kwamba kitufe hakipo.

Fedha hutoka wapi

Zipo njia nne kuu, na kila moja ina mwendo wake.

Njia ya kwanza ni kutuzwa moja kwa moja. Namba ya malipo ya kikundi huonyeshwa kwenye kibao nyuma ya wachezaji au hutajwa na mshereheshaji, naye mtazamaji hutuma kwa simu. Fedha hufika papo hapo, na makato ni yale ya huduma ya fedha kwa simu. Kwa kikundi kinachoanza, hii ndiyo njia ya karibu zaidi na desturi yetu, na ndiyo rahisi kuikagua.

Njia ya pili ni zawadi za mtandaoni zinazonunuliwa ndani ya jukwaa. Mtazamaji hununua alama au picha ndogo, akazirusha wakati unapiga. Hapa jukwaa huchukua sehemu yake kwanza. YouTube, kwa mfano, humwachia mtayarishaji asilimia 70 ya mapato ya ujumbe wa kulipia. Si kila huduma ya namna hii inapatikana katika kila nchi. Thibitisha kwenye mipangilio ya akaunti yako kabla ya kuwaahidi wenzako.

Njia ya tatu ni matangazo ya biashara. YouTube hutoa mgawo huu kwa chaneli yenye wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Mgawo wa mtayarishaji kwa video za kawaida ni asilimia 55, na malipo hayatumwi mpaka yafikie dola 100 za Marekani. Ni mti unaopandwa leo na kuchumwa baada ya misimu kadhaa. Asikuambie mtu kwamba mwezi ujao utaanza kulipwa.

Njia ya nne ni mialiko, nayo husahaulika kwa sababu haionekani kwenye skrini. Mtu aliyekutazama akiwa Dar es Salaam anaoza binti yake Dodoma mwezi Agosti; taasisi inaandaa hafla jijini na inatafuta kikundi cha ngoma. Matangazo mubashara ni dirisha la duka: wapita njia huona unachoweza. Kwa vikundi vingi vya ngoma, malipo ya mwaliko mmoja yanaweza kuzidi zawadi za matangazo kadhaa. Ndiyo maana jina la kikundi, mahali kilipo na namba ya mawasiliano vinapaswa kuonekana mwanzo hadi mwisho wa onyesho.

Swali la kwanza: akaunti ni ya nani?

Tuchukulie mfano wa kikundi cha muheme chenye kina mama kumi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Hakuna kati yao mwenye simu nzuri. Kijana wa jirani anajitolea kuwarusha kwa simu yake, kwenye akaunti yake, yenye jina lake. Kila mmoja anafurahi. Baada ya miaka miwili akaunti ina wafuatiliaji elfu kadhaa, kijana anahamia mjini, na kikundi kinabaki na ngoma zake. Hakuna aliyeiba. Hapakuwa na makubaliano, basi.

Dawa yake ni nyepesi. Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, kwa anuani ya barua pepe iliyofunguliwa kwa ajili ya kikundi. Nenosiri lijulikane na viongozi wawili, na liandikwe kwenye karatasi inayofungwa ndani ya bahasha na kutunzwa na mtu wa tatu. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, na namba inayopokea ujumbe wa uthibitisho iwe ya kiongozi wa kikundi. Mpiga picha apewe ruhusa ya kuendesha akaunti kama msaidizi, ruhusa ambayo inaweza kuondolewa wakati wowote.

Mpiga picha naye ana haki ya ujira. Mlipeni kwa kila onyesho au mpatieni mgawo wa asilimia, lakini jambo hilo liandikwe. Kijana aliyelipwa vizuri ni mlinzi wa akaunti yenu.

Swali la pili: namba ya kupokelea fedha ni ya nani?

Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa cha mtu mmoja. Fedha zinazoingia kwenye laini hiyo huonekana kuwa zake. Mweka hazina akiugua, akisafiri au akifariki, fedha za watu kumi zinaweza kugeuka kuwa mirathi ya familia moja, na ugomvi ukaingia mahali palipokuwa na udugu.

Kikundi kiandikishwe kwenye halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, kisha kifungue akaunti ya benki au pochi ya kikundi ya simu, kama vile M-Koba, ambayo fedha zake hazitoki bila idhini ya viongozi zaidi ya mmoja. Baada ya hapo kikundi kinaweza kuomba namba ya malipo ya biashara yenye jina lake. Mtazamaji akituma fedha na kuliona jina la kikundi kwenye simu yake, hutuma kwa moyo mkunjufu zaidi kuliko akiliona jina la mtu asiyemjua.

Uandikishaji una faida nyingine. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa vinaweza kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Simu nzuri, kipaza sauti na stendi vinaweza kuingizwa kwenye andiko la mradi.

Swali la tatu: wimbo ni wa nani?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Inamlinda pia mtumbuizaji: mtu haruhusiwi kukurekodi au kukurusha unapotumbuiza bila ridhaa yako. Kwa hiyo mgeni aliyekuja na kamera kwenye sherehe yenu na kupandisha onyesho zima kwenye chaneli yake hana kinga eti kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Nyimbo za jadi zina hali yake. Wimbo uliorithiwa kutoka kwa mabibi hauna mtunzi mmoja, na hakuna mwanakikundi anayeweza kujiandikia kuwa wake. Sheria hiyohiyo inalinda kazi za jadi, na anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira ya desturi anatakiwa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kinachoweza kuwa chenu ni utumbuizaji wenu, rekodi yenu na mashairi mapya mliyoyatunga. Hivyo vipelekeni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, mkavisajili.

Usajili huo una manufaa ya moja kwa moja mtandaoni. Majukwaa makubwa hutumia mitambo inayolinganisha sauti. Mtu akiwahi kupandisha rekodi yenu kwa jina lake na kuidai, mtambo unaweza kuyazuia matangazo yenu wenyewe kwa kosa la "kuiba" wimbo wenu. Cheti cha usajili na rekodi yenye tarehe ndivyo vitakavyowasaidia kukata rufaa.

Kinyume chake nacho ni kweli. Wakati wa mapumziko, msifungulie kwenye spika nyimbo za wasanii wengine. Mtambo hautofautishi mapumziko na onyesho. Sauti inaweza kunyamazishwa au matangazo yakakatwa, na kwa YouTube, maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli.

Tena, si kila wimbo ni wa kurushwa. Muheme una mizizi katika malezi ya wasichana, na baadhi ya nyimbo huimbwa mbele ya wahusika peke yao. Wazee wa kikundi waamue kipi kitoke na kipi kibaki. Watoto wasionyeshwe bila ridhaa ya wazazi wao, na wasionyeshwe kamwe katika hali inayowavunjia heshima. Picha iliyorushwa mubashara hairudi.

Hesabu ya onyesho moja

Turudi kwa kina mama kumi. Tuseme wamerusha onyesho la saa moja na kutuzwa Sh. 60,000. Kifurushi, nauli ya mpiga picha, ujira wake na kuchaji betri vimegharimu Sh. 20,000. Zimebaki Sh. 40,000. Wakiweka Sh. 10,000 kwenye mfuko wa kikundi, kila mmoja atapata Sh. 3,000.

Kiasi hicho ni kidogo, na ni vema kikundi kikijue tangu mwanzo ili asiwepo atakayedhani mwenzake amekula fedha. Lakini tuseme onyesho hilohilo limeleta mwaliko mmoja wa arusi wa Sh. 300,000. Baada ya gharama ya usafiri ya Sh. 100,000, zinabaki Sh. 200,000, yaani Sh. 20,000 kwa kila mama. Takwimu hizi ni za mfano tu. Andikeni za kwenu. Daftari lenye safu tatu, yaani tarehe, kilichoingia na kilichotoka, likisomwa kwa sauti mbele ya wote mara moja kwa mwezi, huzuia magomvi mengi kuliko katiba ndefu.

Kuandaa siku ya onyesho

Chagueni saa moja na mshikamane nayo. Saa 2 usiku ya Dodoma, Muscat ni saa 3 usiku, na London, katika miezi ya Aprili hadi Oktoba, ni saa 12 jioni. Ni wakati ambao wengi wameshatoka kazini. Anayejua kwamba mnapiga kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi atajiandalia kifurushi na atamwambia jirani. Anayewakuta kwa bahati atapita.

Pimeni mtandao mahali palepale na saa ileile siku moja kabla, kwa kuwa jioni watumiaji huwa wengi na kasi hupungua. Muwe na laini mbili za mitandao tofauti. Hakikisheni chaji ya simu inatosha saa mbili, na pawabenki iwepo. Zimeni upigaji wa simu za kawaida, maana simu moja ya shangazi inaweza kukata onyesho zima.

Nyanda za kati zina upepo, hasa wakati wa kiangazi, na upepo kwenye kipaza sauti husikika kama moto. Pigieni kando ya ukuta au nyuma ya nyumba, na mfunike kipaza sauti kwa sponji nyembamba. Ngoma za muheme zina nguvu: simu ikae hatua tano au sita mbele yake. Zeze na ilimba vina sauti ya chini, kwa hiyo wapigaji wake wasogee karibu zaidi na simu. Rekodini dakika mbili, zisikilizeni, kisha rekebisheni nafasi za watu.

Wakati wa onyesho, awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusoma maoni na kuyataja majina ya wanaotuza. Katika sherehe ya kijijini, aliyetuza huimbwa. Aliye mbali naye anatamani kusikia jina lake na la kijiji chake. Hilo halina gharama, nalo ndilo linalomrudisha mwezi unaofuata.

Jihadharini na matapeli

Panapopita fedha, matapeli hawakosi. Wapo wanaofungua akaunti yenye jina na picha za kikundi chenu, wakaweka namba yao ya malipo. Namba yenu rasmi itajwe kwa mdomo katika kila onyesho, na watazamaji waambiwe wahakikishe jina kabla ya kutuma.

Wapo pia wanaojifanya wafanyakazi wa jukwaa, wakidai "ada ya kuthibitisha akaunti" au wakiomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Majukwaa hayaombi namba hiyo kwa simu wala kwa ujumbe wa faragha. Ukiupokea ujumbe wa kitapeli, usiujibu. Utume kwenda namba 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Aidha, piga *106# mara kwa mara ukague laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe.

Yupo na yule anayekuja na mkataba wa "kuwakuza". Usisainiwe siku uleule unapoletwa. Usomeni kwa Kiswahili, mkiangalia mambo matatu: unadumu muda gani, unachukua asilimia ngapi, na unahusu kazi zipi. Mkataba unaochukua kazi zote "za sasa na za baadaye" ni wa kuupeleka kwanza kwa mwanasheria au afisa utamaduni wa wilaya.

Vibali na kodi

Msanii na kikundi cha sanaa wanatakiwa kusajiliwa na BASATA. Afisa utamaduni wa halmashauri atawaelekeza. Kurusha muziki wenu wenyewe kwenye akaunti yenu si sawa na kuendesha chombo cha habari. Lakini mkianza kutoa habari na matukio kama kituo cha utangazaji, mnahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mkiwa na shaka, ulizeni ofisi ya TCRA Kanda ya Kati iliyoko Dodoma kabla ya kuanza.

Mapato ya mtandaoni ni mapato kama mengine na yanahusika na kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo kwa watayarishaji wa maudhui ya kidijitali walio wakazi wa nchini. Mkilipwa na kampuni iliyokata kodi hiyo, daini cheti cha zuio na mkitunze. Ofisi ya TRA iliyo karibu itawaeleza viwango vilivyopo na kama kikundi chenu kinahitaji namba ya mlipakodi.

Makubaliano ya ukurasa mmoja

Kabla ya onyesho la kwanza, kaeni chini ya mti mwandike mambo haya, kisha kila mwanakikundi asaini au aweke dole gumba:

1. Akaunti ni ya kikundi. Wanaotunza nenosiri ni fulani na fulani.
2. Fedha zote hupokelewa kwenye namba ya kikundi na si nyingine.
3. Mpiga picha hulipwa kiasi fulani. Mfuko wa kikundi hupata kiasi fulani. Kinachobaki hugawanywa sawa.
4. Nyimbo za kurushwa huamuliwa na wazee wa kikundi.
5. Anayejitoa hupewa haki yake mpaka siku ya kujitoa. Akaunti hubaki kwa kikundi.
6. Hesabu husomwa mbele ya wote kila mwezi.

Ukiwa na malalamiko

Kama tatizo linahusu kifurushi, laini au fedha za simu, anza kwa mtoa huduma wako. Andika tarehe, saa na namba ya kumbukumbu uliyopewa. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko lako la mawasiliano TCRA. Suala la umiliki wa kazi lipeleke COSOTA, na wizi wa mtandaoni uripoti polisi kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Huduma ya kulalamika hailipiwi, na mwenye daftari husikilizwa upesi kuliko mwenye kumbukumbu ya kichwani.

Kikundi kikishaandika ukurasa huo mmoja, kazi iliyobaki ni ile kinayoijua tangu zamani. Kina mama washike ngoma, na aliye Muscat atuze kama aliyesimama mbele yao.